Mfuko wa Matumbo ya Samaki

Chiriku alikuwa na kazi moja tu kila asubuhi kabla ya kwenda shule: kushusha taka kutoka ghorofa ya nne, walikoishi, hadi kwenye pipa nyuma ya jengo. Jina hilo alipewa kwa sababu ya domo lake. Kwa maneno alikuwa wa kwanza. Kwa kazi, mh! Tangu juzi mama yake alikuwa akimwambia, "Mwanangu, shusha ule mfuko, una matumbo ya samaki." Naye huitikia, "Sawa mama," kisha huendelea na mambo yake.

Asubuhi hiyo alipofunua ndoo ya taka, alirudi nyuma akiziba pua. Funza weupe walikuwa wakitambaa juu ya mfuko, na maji mazito ya kahawia yalikuwa yakivuja. Lo, uvundo gani ule! Hivi kweli abebe kitu kile ngazi zote zile, kikimchuruzikia miguuni? Akachungulia kibarazani, akaona uani hakuna mtu. Akaushika mfuko kwa ncha za vidole, akaurusha, akakimbilia ndani.

Pwaa! Mfuko ulipasuka uani.

Mara dobi wa chini akapiga yowe. Alikuwa ameanika shuka za hospitali, nyeupe pe, na sasa utumbo ulikuwa unaning'inia juu ya shuka hizo. "Ptuu! Mtu mzima na akili zake anatupia wenzake uozo?"

Watu walitoka, wakatazama juu, wakamwona Kibonge, mtoto wa jirani. Alikuwa amesimama kwenye kibaraza cha ghorofa ya kwanza, mswaki mdomoni, na kila mtu alijua aliwahi kutupa maganda ya ndizi kutoka hapo.

"Nilishaonya," alisema msimamizi wa jengo, akijifunika pua kwa leso. "Atakayetupa taka, familia yake inahama. Bibi, fungasha."

Bibi yake Kibonge, aliyemlea peke yake, aliketi ngazini. "Baba, na miguu hii nitakwenda wapi?"

"Haki ya Mungu si mimi!" Kibonge alilia. Hakuna aliyemsikiliza.

Chiriku alikuwa ameshuka kuangalia. Sasa samaki hawakumsumbua tena. Alijionea kinyaa yeye mwenyewe. Lakini akisema, atakayehama ni mama yake. Akatafuta njia ya kumwokoa Kibonge bila kujitaja.

"Si Kibonge," alisema. "Mfuko umetoka juu zaidi."

"Umejuaje?" aliuliza msimamizi.

"Mwalimu ametufundisha. Kitu kikiwa juu kina nishati tuli, imejificha humo kwa sababu ya mwinuko. Kikianguka, nishati tuli inageuka kuwa nishati mwendo, na kasi inazidi kuongezeka. Kikitoka juu sana, kinapiga chini kwa nguvu sana. Mfuko ungetoka ghorofa ya kwanza, matumbo yasingeruka hadi kwenye kamba ya nguo. Tujaribu kwa maji."

Wakajaza mifuko miwili sawasawa. Wa kwanza Kibonge aliuachia kutoka kibarazani kwake. Ulipasuka, maji yakawalowesha waliokuwa karibu vifundoni, basi. Wa pili Chiriku aliupandisha hadi ghorofa ya nne, akihema. Alipouachia, ulishuka kwa kishindo, maji yakaruka hadi kwenye shuka zilizochafuka, na kipande cha utumbo kikamrukia msimamizi shavuni.

"Ebo!" alifoka akijifuta. "Kweli, si huyu mtoto. Basi ni nani huko juu?"

Chiriku alipofika chini, angeweza kunyamaza. Milango ya juu ilikuwa mingi. Ila bibi bado alikuwa ameketi palepale, hajui kama anyanyuke au akafungashe, na Chiriku akashindwa kuvumilia.

"Ni mimi," alisema. "Niliona kinyaa kuubeba. Mama hajui lolote."

Mama yake, aliyekuwa ameshuka na majirani, aliinamisha kichwa. Msimamizi akafungua mdomo kuwahamisha, dobi akamwahi. "Wakihama hawa, nani atanifulia? Huyu habanduki hapa mpaka kila shuka iwe nyeupe. Na taka za jengo zima atashusha yeye hadi mwezi uishe!"

"Haya," msimamizi alisema. "Lakini akirudia tena, sitamsikiliza mtu."

Siku hiyo Chiriku hakwenda shule; alishinda kwenye beseni, akibandua magamba na funza kwa kucha zake, akigeuza uso kila mara asitapike. Mama yake alichuchumaa kando yake akisuuza.

"Mama, bado mikono yangu inanuka," alisema Chiriku.

"Itanuka leo, kesho itaisha," mama alijibu. "Uchafu wako ubebe mwenyewe, mwanangu, usimshushie mwenzio. Lakini kilichonitisha si samaki. Ungenyamaza yule bibi ahame kwa kosa lako, hiyo harufu ningeitoa kwa sabuni gani?"