Vyumba vya Uani Havina Mtu

Asubuhi ya kwanza Karani alidhani kosa ni la dirisha. Alikuwa mwanamke wa kufagia mara mbili kwa siku na kukung'uta shuka kama anayezidai, kwa hiyo alipoamka akakuta vumbi la kijivu limetanda juu ya mto, juu ya meza, hata ndani ya kikombe alichokiacha kimefunikwa, alisonya, akafunga dirisha, akafagia. Asubuhi ya pili dirisha lilikuwa limefungwa na vumbi lilikuwa nene zaidi. Sakafuni hapakuwa na alama za miguu, hata za kwake mwenyewe, ingawa usiku alikuwa ameinuka kunywa maji.

Jina hilo la Karani alilipata mahakamani, alikopiga chapa hukumu za watu kwa miaka thelathini na mmoja mpaka akastaafu. Kazi ile ilimwachia mgongo mbovu na dharau. Aliwadharau watu wasiojua kuweka mkato. Aliwadharau wanaosema "nitakuja" kisha wasije. Lakini dharau iliyoiva, ile ya kutunzwa kabatini pamoja na vyombo vya wageni, aliiweka kwa ajili ya mdogo wake wa kiume.

Huyu waliomzoea walimwita Mkurugenzi, na hakuwahi kuongoza chochote zaidi ya duka la rangi na misumari. Alikuwa na meza kubwa dukani, na mezani alikuwa na kalamu tatu zisizoandika. Yeye na mkewe waliishi nyumba kubwa ya mbele. Karani aliishi vyumba viwili vya uani, ng'ambo ya kamba ya kuanikia nguo. Nyumba yote ilikuwa ya baba yao, lakini hati ilikuwa na jina la Mkurugenzi, kwa kuwa aliitaka siku za msiba, na Karani akaona haya kugombania kuta kabla udongo wa kaburi haujakauka. Ndiyo haya pekee aliyowahi kuiona, na aliijutia.

Miezi mitatu kabla ya vumbi lile, ilikuja notisi ya tathmini mpya ya kodi ya majengo. Mthamini alikuwa amevihesabu vyumba vya uani kama vyumba kamili, na kodi ilikuwa imekaribia kuwa maradufu. Mkurugenzi aliguna wiki nzima. Kisha, kwa mara ya kwanza katika maisha yake, akafanya kazi: akaenda masjala ya majengo, akaomba jalada la kiwanja chao, akapata nakala ya karatasi fulani, akakata rufaa. Akashinda. Siku hiyo alinunua soda kreti moja akaigawa mtaani, na Karani akapelekewa chupa moja, ya moto.

"Umewaambia nini?" Karani alimuuliza.

"Mambo ya kitaalamu, dada."

Karani hakuuliza tena. Mtu asiyejua kuandika "stakabadhi" alikuwa anamwambia yeye mambo ya kitaalamu.

Baada ya vumbi ilikuja harufu. Haikuwa harufu ya uchafu, kwa kuwa uchafu haukuwepo. Ilikuwa harufu ya majivu yaliyonyeshewa, na chini yake kinyesi cha popo, kama nyumba iliyosahauliwa na watu miaka mingi. Alipiga deki kwa dawa. Harufu ilisubiri dawa ikauke, ikarudi. Kisha majani membamba yakaota katikati ya chumba, kwenye ufa wa saruji ambao jana yake haukuwepo. Aliyang'oa. Mizizi yake ilikuwa mirefu kama nywele za mtu.

Siku ya tano, jua likiwa utosini, wifi yake alileta chakula uani. Karani alikuwa amekaa kitini, hatua mbili kutoka mlangoni, akishona pindo.

"Wifi," aliita yule mwanamke. "Wifi, upo?"

"Nipo. Ingia."

"Wifi?"

Alichungulia ndani. Macho yake yalipita juu ya uso wa Karani bila kutua, yakaenda ukutani, yakarudi. Akajikunyata, akaweka sahani kizingitini, akageuka. Karani aliinuka akamfuata, na alipokanyaga uani tu, wifi yake akashtuka hadi kuishika kamba ya nguo.

"Umetokea wapi?"

"Nilikuwa kitini. Umenitazama."

"Kitini wapi, wifi?" Sauti yake ilikuwa imeshuka kabisa. "Humo ndani hamna kiti. Mna popo tu, na paa limetoboka."

Karani alimtazama kama anavyotazamwa mtu aliyelewa mchana, akarudi ndani. Kiti kilikuwepo, kitanda kilikuwepo, paa lilikuwa zima. Lakini alipokaa alisikia, kutoka chumba cha pili, ambamo hakukuwa na mtu na ambacho mlango wake ni mmoja tu, ule ule aliokuwa anautazama, kitu kikiburutwa polepole, kama mkeka unaotandikwa na mtu asiyetaka kusumbua wenziwe, kisha pumzi ya mtu anayelala chini akiwa amechoka safari, kisha kimya, kisha sauti, sauti ya adabu, kavu, isiyo ya mwanamume wala ya mwanamke.

"Nani yuko huko?"

"Mwenyewe," alisema Karani. Sindano ilikuwa imemchoma kidole na hakuisikia.

Mkeka ulikwaruza, kama mtu aliyegeuka ili asikie vizuri.

"Hapa hapana mtu," ilisema sauti. "Mwenye nyumba amesema."

Karani alitoka nje bila kukimbia, kwa sababu hakutaka hata jini liseme kwamba amekimbia. Alipofika kwenye kamba ya nguo alisimama muda mrefu ameishika.

Wifi ndiye aliyemleta mganga. Alikuwa mtu mfupi mwenye begi la ofisini, zamani fundi bomba, na Karani alimdharau tangu viatu. Mganga aliwasha ubani, akasimama kizingitini, akatega sikio jinsi fundi anavyosikiliza maji ndani ya ukuta. Akanong'ona maneno. Akanyamaza, akiitikia kwa kichwa, kama anayejibiwa. Mwisho akazima ubani, akafunga begi.

"Siwezi," alisema kwa sauti ya chini.

"Nilijua," alisema Karani.

"Mama, sikiliza kwanza. Mimi huwatoa waliovamia. Hawa viumbe makao yao ni magofu, mahali palipohamwa na watu. Huyu hakuvamia. Anasema mwenye nyumba ametamka kwa mkono wake kwamba hapa ni gofu, hapakaliki. Amekuja kwa amani. Anashangaa wewe ndiye unayemsumbua."

"Na nikikaa?"

Mganga alimtazama kwa huruma, na hilo lilimwudhi kuliko jini.

"Kila siku utaonekana kidogo kuliko jana. Kisha hutakuwepo."

Hakupokea malipo. Karani alikiri, kwa shingo upande, kwamba fundi bomba yule alikuwa na heshima yake.

Alimkuta Mkurugenzi dukani, nyuma ya meza yake, akamwomba nakala ya rufaa. Mdogo wake alijiuma-uma, akaitoa. Ilikuwa imeambatanishwa na kadi ya jengo ya zamani sana, ya mwaka jiko lilipoteketeza paa la uani. Mkaguzi wa wakati huo alikuwa ameandika: *Vyumba viwili vya uani ni gofu, havikaliki.* Chini yake Mkurugenzi alikuwa ameongeza kwa mkono wake kwamba hali ni ile ile hadi leo na hakuna mtu anayeishi humo. Alikuwa ameandika "lufaa".

"Mimi ni nani?" Karani aliuliza.

"Dada, hiyo ni karatasi tu."

"Nimeishi kwa karatasi miaka thelathini na mmoja. Nimeona mtu akifungwa kwa karatasi. Kaifute."

"Nikiifuta kodi inarudi pale pale." Alishusha sauti ingawa hapakuwa na mteja. "Hayo ya majini ni maneno ya wanawake. Kama unaogopa, lala sebuleni kwangu siku mbili tatu, yatapita."

Karani aliikunja ile nakala vizuri, akaitia mkobani, akaondoka. Angeweza kulala sebuleni. Lakini kulala kwenye kochi la mtu yule, kwa hisani ya mtu yule, aliona ni namna nyingine ya kutokuwepo.

Masjala ilikuwa chumba kirefu chini ya ngazi za ofisi ya kodi. Mtunza majalada, mwanamke mwenye miwani na sweta, alilitoa jalada la kiwanja chao bila kuuliza maswali. Karani alilipekua kwa kidole kilicholoweshwa, karatasi baada ya karatasi. Ile kadi ya gofu ilikuwepo. Nyuma yake kabisa, imebanwa kwa pini iyo hiyo, palikuwa na kadi ya mwaka uliofuata: *Paa limeezekwa upya. Vyumba viwili vya uani vinakaliwa.* Na sahihi ya baba yao, ile yenye mkia. Pembeni palikuwa na alama ya dole gumba, ya rangi ya kijani ya mafuta, bado inang'aa.

"Aliyekuja kabla yako aliiona hii," alisema mtunza majalada, akiitazama alama. "Akaomba nakala ya ile ya mbele tu. Sikuona kwamba kanichafulia."

"Humchafulia kila mtu," alisema Karani, akaomba nakala ya kadi ya pili na fomu ya kusahihisha kumbukumbu. Akaijaza pale pale, mikato yote mahali pake.

Mkaguzi alipangwa Alhamisi, saa sita mchana. Karani alifanya kosa moja: alitaka akutwe nyumbani kwake kama mtu mwenye nyumba, kwa hiyo akamngojea ndani, amevaa gauni lake la mahakamani, nakala ya kadi mkononi. Aliwasikia wakivuka uani, mkaguzi na Mkurugenzi. Mlango ukasukumwa.

"Karibu," alisema Karani.

Mkaguzi aliziba pua kwa leso. Alitazama dari, akatazama sakafu, akatazama mahali Karani aliposimama.

"Ni gofu kweli," alisema. "Popo wengi."

"Bwana, niko hapa mbele yako," alisema Karani, akapaza sauti, akainua kadi, na mkaguzi akafungua daftari lake, na Karani akataka kupiga hatua atoke nje kwenye jua ambako kila mtu humwona, lakini nyuma yake pumzi ile iliyochoka ilikuwa imesimama, na mkono mkavu, mwepesi mwanzoni kisha mzito kama gunia la majivu, ukamkalia begani, na kile kiti alichokalia miaka yote akakiona kimeanza kufifia, na kitanda nyuma yake, na vidole vyake mwenyewe vilivyoshika kadi vikawa na rangi ya ukuta, na juu ya kichwa chake, kwa mara ya kwanza, akaiona mbingu kupitia paa lililotoboka, nyeupe, ya saa sita, na sauti ikamwambia karibu na sikio, bila hasira yoyote, "Tulia. Anaandika."

Mkurugenzi alimwona. Aliyejua uongo ulianzia wapi hakuweza kutomwona. Macho yao yalikutana juu ya bega la mkaguzi.

"Kwa hiyo tuseme hakuna anayeishi hapa?" mkaguzi aliuliza, kalamu ikiwa imegusa karatasi.

Uso wa Mkurugenzi ukavaa ule mwonekano anaouvaa dukani mteja akiomba kupunguziwa, midomo ikitembea bila sauti. Alikuwa anapiga hesabu. Dada yake anazama ukutani, na yeye anapiga hesabu.

Karani hakumwomba. Hofu yote aliyokuwa nayo ilijikusanya ikawa kitu kimoja kigumu, na alimtazama mdogo wake jinsi alivyokuwa akitazama ukurasa wenye makosa kumi na nne, kabla ya kuuchomoa kwenye mashine. Mkurugenzi aliinamisha kichwa.

"Yupo," alisema. "Dada yangu anaishi humu."

Mkono ulitoka begani. Mkaguzi aliruka nyuma akagonga fremu ya mlango, kwa kuwa mbele ya pua yake alikuwa amesimama mama mtu mzima mwenye gauni jeusi.

"Samahani, mama. Sikukuona."

"Andika," alisema Karani. "Vyumba viwili vya uani vinakaliwa. Nukta."

Vumbi liliisha siku hiyo hiyo, na harufu nayo. Jioni Mkurugenzi alikuja akasimama uani, akingoja kushukuriwa.

"Si nimesema, dada?"

"Umesema. Baada ya kujumlisha na kutoa."

Kesho yake alihama. Alipanga chumba kwa mwenzake wa zamani wa mahakamani, akachukua kitanda, kiti na vyombo vya wageni. Mkurugenzi alitia kufuli vyumba vitupu na kuanza kulipa kodi kamili ya mahali pasipokaa mtu, jambo lililomnyima usingizi.

Mwezi wa pili tangu Karani ahame, Mkurugenzi alimpigia simu. Alikuwa ananong'ona.

"Dada, rudi. Hata wiki moja."

"Kuna nini?"

"Nilikwenda kuwaambia umehama. Wakamtuma yule mkaguzi tena. Nikamwambia angoje nilete ufunguo, yeye akapiga hodi." Aliusogeza mdomo karibu zaidi na simu. "Akaitikiwa. Mlango ukafunguliwa kwa ndani, na ufunguo bado ulikuwa mkononi mwangu. Akaingia, akakaa muda mrefu. Alipotoka ameandika vinakaliwa, ameniambia mpangaji wangu ni mtu mstaarabu sana, na kwamba ananiulizia."

"Anafanya nini?"

"Ananiulizia, dada. Anataka kujua nyumba ya mbele ina vyumba vingapi." Pumzi yake ilikuwa inagonga simu. "Nifanye nini?"

Karani alifikiri kidogo. Alitafuta ndani yake mahali pa kumhurumia, akatafuta kwa uaminifu, jinsi alivyokuwa akitafuta majalada yaliyopotea.

"Mjibu kwa adabu," alisema, akakata simu.