Dirisha la Chumba cha Mama

Anselmo hakuwa na gari. Hakuwa na kazi ya mshahara wala ndugu mwenye cheo. Hakuwa na kiyoyozi, na feni yake ilikuwa imevunjika panga moja. Hayo yote hayakumnyima usingizi. Alikuwa na cherehani, alikuwa na mke mwema, Marietha, na alikuwa na nyumba yake mwenyewe Mbagala. Kitu kimoja tu kilimuuma kila siku: hakuwa na mama yake karibu.

Mama yake, Bibi Editha, alikuwa kijijini, karibu na Masasi. Jicho lake moja lilikuwa limekwisha kuzimika. Daktari wa macho alisema, "Mama huyu aje kliniki Dar es Salaam kila mwezi. Asipokuja, na jicho la pili litakwenda."

Anselmo akamleta kwake. Bibi Editha akakaa wiki chache, kisha akafunga mzigo wake.

"Mwanangu, chakula chenu kitamu, na mkeo ananitunza," alisema. "Lakini chumba kile ni sanduku. Joto linanikaba. Afadhali nipofuke mahali penye hewa."

Akaondoka. Anselmo alinung'unika moyoni. Alidhani mama anadeka.

Chumba chenyewe kilikuwa cha nyuma. Dirisha lake la mbao lilikuwa limeliwa na mchwa. Anselmo alilipigilia mbao kwa misumari ili mwizi asipite. Mwizi hakupita, na hewa nayo haikupita.

Hata hivyo hakumkatia mama tamaa. Alishona sare za shule, magauni ya harusi na mapazia ya watu, akaweka akiba. Siku moja alirudi kutoka kwa fundi wa madirisha ya aluminiamu huku anatabasamu.

"Mama Jenipher, tunabadilisha madirisha!"

"Yote?" Marietha aliuliza.

"Mawili ya sebuleni. Yale ya kuslaidi, yenye vioo vyeusi."

"Na la chumba cha mama?"

"La nyuma nani analiona? Hilo litafuata. Mtaa mzima wameshaweka vioo vyeusi, sie tu ndio tumebaki kama godauni."

"Kwa hiyo mama yako atoke Masasi kote huko, aje kulala sebuleni atazame vioo?"

Kabla Anselmo hajajibu, mtu alipiga hodi. Alikuwa Mzee Kamugisha, jirani yao, aliyefuata suruali yake. Mzee huyo alikuwa msimamizi wa ujenzi mpaka alipostaafu.

"Shikamoo, mzee," walisema wote wawili.

"Marahaba. Suruali iko tayari, au bado mnagombania vioo? Nimewasikia toka nje."

"Nyie Wahaya mnasikiaga mpaka yasiyowahusu," Anselmo alimtania.

"Na nyie watu wa kusini mnalipa kwanza ndipo mnauliza. Umeshalipa?"

"Bado. Nalipa kesho."

"Basi Mungu anakupenda. Niletee bisibisi. Na wewe mama, washa chetezo, utie udi."

"Udi, mzee? Kuna harusi?" Marietha alicheka.

"Harusi hakuna. Washa tu, utaona."

Kwanza Mzee Kamugisha aliuchoma kwa bisibisi ubao wa dirisha la sebuleni, chini, pembeni, kisha juu. Bisibisi haikuzama hata kidogo.

"Huu ni mninga, tena mzima," alisema. "Unataka kuung'oa kwa nini?"

"Umepauka, mzee."

"Na mie nimepauka, mbona hunitupi? Piga msasa, paka rangi, badilisha bawaba, weka wavu mpya wa kuzuia mbu. Fedha uliyotaka kumaliza hapa itatosha nyumba nzima."

Wakaenda chumba cha nyuma. Pale bisibisi ilizama kwenye mbao mpaka mpini. "Hapa ndipo penye kazi," mzee alisema.

Marietha akaweka chetezo katikati ya chumba, wakafunga mlango. Moshi ulipanda, ukafika darini, ukakaa. Baada ya muda ukaanza kushuka juu ya kitanda cha Bibi Editha. Anselmo alikohoa, macho yakamwasha.

"Sasa ng'oa hizo mbao," mzee alimwambia.

Anselmo aling'oa misumari kwa nyundo mpaka dirisha likawa wazi. Moshi ulitikisika, lakini haukutoka wote.

"Mama Jenipher, fungua mlango wa chumba. Kafungue na dirisha la sebuleni."

Hapo moshi ulijikunja kama mtu aliyeitwa. Ukapita mlangoni, ukavuka sebule, ukatokea dirisha la mbele. Punde chumba kilibaki bila moshi.

"Mmeona?" mzee alisema. "Hewa ikiingia lazima ipate pa kutokea. Nyumba inataka madirisha ya pande mbili, na yote yafunguke."

Marietha aliinamisha kichwa. "Kumbe mama hakuwa anadeka."

Anselmo alikaa kitandani kwa mama yake, akafuta uso.

"Mzee, hilo la kuslaidi ni baya?" aliuliza baadaye.

"Si baya. Linafaa penye njia nyembamba, ambako dirisha likifunguka nje litamgonga mpita njia. Ila kioo chake kimoja hujificha nyuma ya mwenzake, kwa hiyo hewa inapata nusu tu. Chumba hiki kiwekee dirisha la bawaba, lifunguke lote. Na kioo kiwe cheupe. Mtu mwenye jicho moja unamwongezea giza la nini?"

"Na grili?"

"Weka yenye kufunguka. Ufunguo utundike ndani, mahali ambapo mama ataufikia lakini mkono wa mwizi hauufikii. Moto ukitokea, atapita wapi?"

Anselmo alichukua futi yake ya kushonea, akapima dirisha mara moja, katikati.

"Ebo!" mzee alishangaa. "Mteja akitaka suruali unampima kiuno tu? Ukuta nao una kitambi. Pima upana juu, kati na chini. Pima na urefu, kushoto, kati na kulia. Fuata kipimo kidogo kuliko vyote, na fundi naye aje apime mwenyewe."

Kisha akamwelekeza mambo ya malipo. Kwanza aende kuona nyumba ambayo fundi huyo ameshaifanyia kazi. Waandikiane aina ya dirisha, vipimo, unene wa kioo na siku ya kulifunga. Atoe malipo ya awali tu, na kinachobaki akitoe dirisha likishafunguka na kufungika vizuri. Na la zamani lisivunjwe kabla jipya halijafika.

Anselmo alifuata yote. Madirisha ya sebuleni yalipigwa rangi, yakapendeza. Chumba cha nyuma kilipata dirisha jipya, kioo cheupe, wavu na grili yenye mlango. Mchana upepo uliingia huku na kutokea kule. Jenipher, binti yao, alihamishia madaftari yake humo, akawa hatoki.

Mzee Kamugisha alipokuja kuona, Anselmo alimshika mikono yote miwili. "Mzee, ningetumia fedha yote kuwapendezesha wapita njia. Fadhila yako nitailipaje?"

"Mlete mama yako," mzee alijibu.

Jioni ile Anselmo alikaa kuandika.

"Si upige simu?" Marietha aliuliza.

"Nikipiga anasemaga 'nimesikia', halafu haji. Barua atasomewa na katekista, na asipoamini atasomewa tena."

Aliandika hivi:

"Mama yangu mpendwa, shikamoo. Ulisema kweli kuhusu chumba, na mie sikukusikiliza. Nisamehe. Sasa dirisha lako linafunguka lote. Komeo tumeliweka chini, utalifikia bila kupanda kiti. Ukitaka hewa utafungua mwenyewe, ukihisi baridi utafunga mwenyewe. Siku ya kliniki imekaribia. Njoo, mama, jicho lisitangulie kwenda."

Akakunja karatasi, akaitia kwenye bahasha, akaipaka gundi na kuibana kwa kiganja. Asubuhi alikwenda stendi ya Rangi Tatu, akamkabidhi barua kondakta wa basi la Masasi aliyemfahamu mama yake.

"Mpe mkononi mwake," alimwambia. "Mwambie siku atakayokuja mwanawe atakuwa hapahapa stendi, anamsubiri."