Jumatano ya King'ora

Maiti ya Alvina Hruska ilikutwa saa nne na dakika ishirini na tano asubuhi, Jumatano ya kwanza ya mwezi wa Mei, chini ya nguzo ya king'ora nyuma ya kituo cha zimamoto cha Prosek. Mama huyo wa miaka sitini na minane alikuwa amelala chali, kisogo kwenye ukingo wa zege. Juu yake, usawa wa kifua, sanduku la chuma la ile nguzo lilikuwa wazi.

Verlyn Tesar, mpelelezi wa sherifu, mkuu wa polisi wa kaunti, hakuwa mbali. Alikuwa ameegesha gari kando ya shamba la mahindi nje ya mji, vioo vimefungwa, kama alivyofanya kila Jumatano ya kwanza ya mwezi kwa miaka minne. Siku hiyo ving'ora vyote vya tahadhari ya kimbunga vya jimbo hujaribiwa saa nne kamili, na Tesar hakuweza kuvumilia kukisikia kile cha Prosek. Alikunja ngumi, akangoja, saa nne ikapita. Hakusikia kitu. Akashukuru vioo.

Kila mtu mjini alijua sababu. Miaka minne nyuma, siku kimbunga kilipong'oa nyumba za upande wa kusini, king'ora hakikulia. Watu wanne walikufa. Mmoja wao alikuwa Marlys, mkewe Tesar. Saa kumi na moja na dakika kumi na mbili jioni ile alikuwa amempigia mumewe simu kazini. "King'ora hakijalia, Verlyn. Nishuke chumba cha chini au nimalize kupika?" Naye akamjibu, "Kisipolia hakuna kitu. Pika."

Neno hilo, "pika," aliamka nalo kila siku.

Sherifu aliona ni ajali: nyasi mbichi, mama mtu mzima. Tesar alichungulia sanduku. Kufuli lilikuwa limefunguliwa kwa ufunguo, na ufunguo haukuwapo. Swichi kubwa ilikuwa imezimwa. Chini yake palikuwa na rafu ya betri za akiba, zile za kuendesha king'ora umeme unapokatika. Rafu ilikuwa tupu. Si kwamba zimeibwa. Utando wa buibui ulikuwa umetanda kona hadi kona, na rangi ya rafu haikuwa na hata mkwaruzo. Hakuna betri iliyowahi kukaa pale.

Siku ya kimbunga, umeme wa Prosek ulikatika saa kumi na moja na dakika tano. Bila betri, king'ora kisingeweza kulia.

Wa kwanza kuiona maiti alikuwa Duane Sykora, mkuu wa kikosi cha kujitolea cha zimamoto. Mji mzima ulikwisha kumhukumu. Alvina alikuwa mjumbe wa Baraza la Ushauri la Usalama wa Ndani, lile linalomshauri gavana fedha za tahadhari ziende wapi, na Sykora aliwahi kuomba boti ya uokoaji. Alvina alisimama barazani akauliza boti itaelea wapi, maana Prosek haina hata bwawa la bata. Watu walicheka mwaka mzima.

"Ulimchukia?" Tesar alimuuliza.

"Nilimchukia Jumapili moja. Jumapili iliyofuata akaniletea kolachi, vile vikeki vya plamu, nikala sita. Unamchukiaje mtu hivyo?"

"Ufunguo wako wa sanduku?"

"Msumarini. Nenda ukatazame."

Ulikuwa msumarini, umevaa vumbi. Sykora alisema tangu saa nne kasoro dakika ishirini alikuwa peke yake ndani, anasikiliza redio ya mawasiliano ya kaunti, kwa sababu mawingu ya magharibi yalikuwa meusi. Shahidi hana. Tesar alimwambia asitoke mjini.

"Nitoke niende wapi, bwana wee? Boti sina."

Jikoni kwa Alvina, Tesar alikuta makaratasi ya kikao cha baraza cha Alhamisi. Miongoni mwake zilikuwa nakala za ukaguzi wa king'ora cha Prosek, miaka sita mfululizo, mwandiko mmoja: "Betri zimeonekana kwa macho. Ziko sawa." Alvina alikuwa amezungushia maneno hayo kalamu ya risasi, akaandika pembeni: "Kila mwaka sentensi ileile. Jumatano nitaona kwa macho yangu."

Ufunguo wa pili ulikuwa kwa Garth Oldenkamp, ofisa mipango wa kanda, mwenye mwandiko ule. Tesar alimfuata ofisini kwake Marne, kilomita sitini kutoka Prosek, saa tisa alasiri. Oldenkamp alikuwa mpole, macho mekundu. Alikuwa amembeba Marlys siku ya mazishi, upande wa kushoto wa jeneza.

Alisema Alvina alikuwa na haraka na kila kitu, huenda alimhonga kijana wa umeme amfungulie. Yeye mwenyewe asubuhi ile alikuwa papa hapa Marne.

"Saa nne?"

"Mbele ya mahakama. Kila jaribio nasimama mwenyewe, nasikiliza. Dakika tatu, sauti safi." Alivuta fomu. Iliandikwa: saa nne kamili, Marne, kimesikika, sawa. "Chukua nakala, Verlyn. Na pole. Najua siku hizi zinakuumiza."

Tesar alishukuru. Jioni, ili kukamilisha habari za Sykora, alimpigia mama wa zamu kwenye redio ya kaunti.

"Duane alikuwa hewani, ndiyo," yule mama alisema. "Saa nne kasoro dakika ishirini alipokea agizo, na saa nne nilikuwa bado nazungumza naye. Mara mbili zaidi mpaka saa nne na ishirini."

"Agizo gani?"

"La kuahirisha jaribio. Mbingu ikiwa nyeusi hatujaribu, watu wasije wakadhani ni kweli. Umesahau? Leo hakikulia king'ora hata kimoja, si Prosek, si Marne."

Tesar aliweka simu chini taratibu. Kumbe asubuhi vioo havikuwa vimezuia chochote.

Alhamisi saa tatu, katika mji mkuu wa jimbo, baraza liliketi. Kiti cha Alvina kilikuwa kitupu, kibao cha jina lake kikiwa mezani. Oldenkamp alifika kwenye ripoti ya ving'ora, akasoma kwamba vyote vimekaguliwa. Tesar akasimama kutoka viti vya nyuma, akaomba dakika moja.

"Bwana Oldenkamp, jana king'ora cha Marne kililia?"

"Kililia. Nimekupa fomu."

"Jaribio liliahirishwa. Hakikulia hata kimoja."

Oldenkamp aliitazama karatasi yake kama mtu anayesoma jina lake kaburini.

"Ulikuwa Prosek, chini ya nguzo," Tesar alisema. "Saa nne ilipofika kukawa kimya, hukushtuka. Swichi ulikuwa umeizima mwenyewe ulipofungua sanduku."

"Utaratibu," Oldenkamp alinong'ona. "Lazima uzime kwanza."

"Na Marne ukaiandika kwa mazoea. Kama betri."

Oldenkamp alikaa. Maneno yalipotoka hayakusimama. Mwenye kuuza alichelewesha betri, akaahidi kuzileta mwezi ujao. Ruzuku ilikuwa inaisha mwisho wa Septemba. Vifaa visipopokelewa kabla ya siku hiyo, fedha zote zinarudishwa serikali kuu, na Prosek ingekosa hata king'ora chenyewe. Akasaini kwamba zimeonekana. Mwenye kuuza akafunga duka. Mwaka uliofuata akasaini tena, kwa kuwa alikuwa amekwisha kusaini. Kisha kimbunga.

"Alvina alinipigia, akaomba nimfungulie. Nilidhani akiona atanionea huruma. Nikamwambia, ngoja kikao kipite, nitaziweka kimyakimya. Akasema wafu wanne hawawekwi kimyakimya. Akatoa simu apige picha. Niliishika simu tu, Verlyn. Nikavuta, naye akavuta, nikamsukuma."

"Ulimbeba mke wangu."

"Ndiyo."

"Ukijua."

Sherifu akaingia na pingu.

Jumatano ya kwanza ya Juni mbingu ilikuwa buluu. Betri nne mpya zilikuwa rafuni. Tesar alizihesabu kwa kidole. Alimwomba Sykora akate umeme wa nguzo kabla ya jaribio, kisha akatembea hadi upande wa kusini, kwenye kiwanja chake. Nyumba haikuwapo. Ngazi za zege za kushukia chumba cha chini zilikuwa zimebaki, wazi juani.

Saa nne kamili king'ora kililia, bila umeme, kikapanda mpaka mbwa wa mji mzima wakajibu. Tesar alishuka ngazi moja moja, kama mtu aliyeambiwa ashuke. Akaketi chini kabisa, akaacha nafasi ya mtu mmoja kando yake, akangoja mpaka kikanyamaza.