Barua za Mbale Zilizoangukia Jinja

— Nabifo, orodha hii nimeipanga mimi Erisa! Hata mtu aandike akisinzia, barua yake itafika.

Ndivyo nilivyojigamba kwenye simu, mwaka 1998, mimi ofisi ya Jinja, yeye ofisi ya Mbale. Kampuni yetu ya kahawa ilikuwa imepata tovuti, na orodha ya anwani za kurasa zake niliipanga mimi.

— Basi mbona Gidudu haandiki? Miezi miwili yuko masomoni Nairobi, bwana. Aliahidi kuniandikia kwenye ukurasa wa barua wa Mbale.

— Labda Nairobi kuna wasichana wasioringa, nyabo.

Hakucheka.

Nilipokata simu nikaifungua orodha. Jinja ina ukurasa uitwao "barua", Mbale nayo ina "barua", na sikutanguliza jina la mji hata kwenye mmoja. Kompyuta huisoma orodha kuanzia juu. Ikikuta "barua" ya kwanza, ya Jinja, haishuki tena. Za Mbale zote zilikuwa zimelala kwangu, nne zikiwa za Gidudu.

"Nabifo wangu, nijibu hata neno moja. Desemba nakuja kwa wazazi wako."

Kurekebisha ni dakika kumi: jinja/barua, mbale/barua, basi. Lakini nilimpenda Nabifo kabla Gidudu hajalijua jina lake. Sikugusa kitu.

Barua zikafika tisa, zikakoma. Nabifo akalia, mimi nikambembeleza. Novemba akakubali niende kwao Nabuyonga kuposa. Nikamchukua Proscovia, karani wetu wa Jinja, asimame kama dada yangu mbele ya wazazi.

Tulimkuta Nabifo mlangoni, macho mekundu.

— Gidudu amepiga simu ofisini. Ameniandikia mara tisa. Erisa, barua zangu ziko wapi?

— Mungu wangu! Ni kosa la anwani, mpenzi, zimeangukia Jinja. Nimeligundua jana tu.

— Jana?

— Jana! Muulize Proscovia, tunafanya kazi chumba kimoja.

Proscovia akatua kikapu cha zawadi chini, taratibu.

— Mimi kompyuta siijui. Ila mwezi wa saba, Erisa, ulinisomea barua ya mtu wa Nairobi ukiigiza sauti ya kilio, mpaka chai ikanipalia kwa kicheko. Ukasema ni ya mjinga fulani.

Akamgeukia Nabifo.

— Nisamehe, nyabo. Sikujua ilikuwa yako.