Mapacha Siku ya Mizani

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, Delphine aliwaogesha wadogo zake wawili katika beseni la bati nyuma ya nyumba yao, huko Katuba, mjini Élisabethville. Walikuwa mapacha, au mapasa kama walivyosema Katuba, na kama desturi ya Waluba inavyotaka, wa kwanza aliitwa Kyungu na wa pili Kabange. Kyungu alipiga maji kwa miguu na kucheka. Kabange alitazama tu. Tangu mvua zianze alikuwa akiharisha, na miguu yake ilikonda hata Delphine akaogopa kuisugua.

Kulea mapacha si mchezo. Mmoja akipewa kitambaa, mwenzake apewe kilekile. Mmoja akinyolewa, mwingine anyolewe siku hiyohiyo. Wazee walisema pacha anayebaguliwa hukasirika na kurudi alikotoka, na anayebaki humfuata. Ndiyo maana hata uzi walifungwa wote wawili, Kyungu mkono wa kulia, Kabange wa kushoto. Sura zao zilifanana, na majirani wengi waliwatambua kwa uzi huo tu.

Mwaka huo wa 1957 mji ulikuwa na homa ya shule. Chuo kikuu kilikuwa kimefunguliwa mwaka uliotangulia, na wasichana nao walikuwa wakisomea uuguzi. Shule yao ilipatana na wakunga wa mitaani: mara moja kwa mwezi mkunga awaite akina mama kwenye zahanati ya mtaa, na wanafunzi wawapime watoto. Mkunga wa Katuba alikuwa Mama Chanda, aliyewapokea Kyungu na Kabange kwa mikono yake. Mwanafunzi alikuwa Agnès, msichana mpole kutoka Mokambo, ambaye watoto wote walimwita Yaya, yaani dada mkubwa.

Mwezi uliopita Agnès alikuwa amemtazama Kabange juu ya mizani akakunja uso. “Huyu hapandi kilo,” alisema. “Kama mwezi ujao iko vile vile, tutamupeleka ku hopitali. Yeye peke. Mwenzake haiko mugonjwa.”

Usiku ule mama yao alilia. Delphine alimsikia, akayaweka moyoni maneno ya Agnès.

Siku ya mizani ilipofika, mama alikuwa kitandani na malaria, na baba alikuwa kazini kwenye treni ya Sakania. Delphine akambeba Kyungu, rafiki yake Albertine akambeba Kabange. Walipokaribia zahanati, Delphine akasimama.

“Albertine, weye bakia hapa nyuma ya ukuta na Kabange.”

“Juu ya nini?”

“Kama banamuona, banamubeba. Bakiachanishwa, batakufa bote babili.”

“Delphine, hii haiko muzuri.”

“Nyamaza tu.”

Mama Chanda, ambaye angewatambua mapacha mara moja, hakuwepo mlangoni. Alikuwa ameitwa kwa mwanamke aliyeshikwa na uchungu. Kyungu akapimwa. Delphine akatoka naye, akahamisha uzi kutoka mkono wa kulia hadi wa kushoto, akakaa mwisho wa foleni. Zamu yake ilipofika, Agnès alikuwa amechoka, na mtoto wa pili alilia sawa na wa kwanza. Aliuangalia uzi, akaiangalia mizani, akatabasamu.

“Kabange! Umekula nini? Delphine, mwambie mama asiogope tena. Kesho nilitaka kuja kwenu kumuona, lakini sasa nitaenda kwa bengine.”

Delphine alifurahi mpaka ukutani. Hapo alimwona Kabange amelala mgongoni kwa Albertine, kinywa wazi, na furaha ikamtoka.

Nyumbani mama aliinua kichwa. “Yaya Agnès anasema nini?”

“Anasema Kabange iko bien, iko muzuri.”

Siku zilizofuata kuhara kulizidi. Macho ya Kabange yaliingia ndani. Kila Delphine aliposogea kitandani, mama alimpangusa mtoto na kusema, “Mizani ilisema iko bien. Itapita.” Maneno hayo yalimchoma binti kuliko kiboko. Mama yake aliamini mizani, na mizani ilikuwa imeambiwa uongo.

Jumamosi asubuhi Kabange alikataa kunyonya. Mama alijaribu tena, na mtoto akageuza uso. Delphine aliacha beseni na maji yake, akakimbia bila viatu hadi kwa Mama Chanda, akasema yote.

Mama Chanda hakumpiga wala hakupaza sauti. Alifunga kitenge chake. “Tutapita kwa mama yako, twende bote. Lakini ku hopitali weye njo utasema. Kwa kinywa chako.”

Hospitalini Kabange alipokelewa haraka, akatiwa maji mwilini kwa sindano. Agnès alikuwa zamuni, pamoja na mwalimu wake, mtawa aliyeitwa Masera Marie-Thérèse. Mbele yao, na mbele ya mama yake, Delphine akasema, “Njo miye. Nilipima Kyungu mara mbili. Niliwadanganya.”

Mama akashika kifua. Macho ya Agnès yakajaa machozi. “Ningekuja kwenu kesho yake,” alisema. “Juu ya nini, Delphine?”

“Ulisema utamubeba yeye peke. Mapasa habaachane.”

“Nami sikuuliza,” Agnès akasema polepole.

Masera alimtazama Kyungu mgongoni kwa mama. “Huyu haumwi. Katika salle, chumba cha hospitali, wanalala wagonjwa tu.”

“Masera,” Mama Chanda akasema, “mama yao njo maziwa yao. Ukibakia na mumoja, huyu mama atakuwa hapa na moyo wake ku Katuba. Kesho atabeba mutoto, atakimbia naye. Nimeona vile, na bale batoto tuliwazika.”

Masera akafikiri. “Bon. Watalala chumba kimoja, na mama yao. Lakini kikombe cha mgonjwa, beseni la mgonjwa, mwenzake asiguse. Na kila mtu atanawa kwa sabuni.”

Sasa ilikuwa zamu ya Mama Chanda kufikiri, kwa maana mapacha hawatengewi vyombo. Alimtazama Kabange. “Sawa,” alisema. “Kitambaa cha aina moja, vikombe viwili. Mapasa habatakasirika juu ya kikombe.”

Jumapili nzima hakuna aliyejua kama Kabange ataishi. Jumatatu Kabange alilishika ziwa la mama yake, na Delphine, aliyekuwa akinawa mikono kwa mara ya ngapi sijui, akaangua kilio.

Siku ya mizani iliyofuata, mapacha walipokuwa wamerudi Katuba, Delphine mwenyewe alimlaza mtoto juu ya mizani. Agnès hakuuangalia uzi. Alimwangalia Delphine.

“Ni nani huyu?”

“Njo Kabange. Angali mwepesi.”

Akina mama waliokuwa kwenye foleni wakageuka. Mama Chanda akainuka mlangoni.

“Musikie, bamama. Hakuna haya mutoto kuwa mwepesi. Haya njo kuficha. Ugonjwa ukiuficha, kifo kinakuja kuutaja mbele ya bantu bote. Kama kuna kitu munaogopa, museme, nasi tutatafuta njia pamoja, mukunga na bale ba hopitali.” Akamgeukia Delphine. “Na weye, mwanangu, ulisema ukweli mapasa bangali babili. Ungengojea siku moja tena, ungeusema mbele ya kaburi.”

Delphine akajibu, “Ndiyo, Mama.” Akamfunga Kabange mgongoni, Albertine akambeba Kyungu, wakarudi nyumbani kwa njia moja.