Mtoto wa Ng'ambo ya Mto

Chiriku alicheka, na mdomo wake ulikuwa umejaa mkate.

Bibi yake akaacha kupiga pasi. Alikuwa dobi, mtu wa kujua siri za watu kwa kola na makwapa, na siku hiyo alisimama pale pale pa kila siku, nyuma ya kochi, akitazama visogo viwili: cha mwanawe, fundi wa friji, na cha mjukuu wake wa miaka saba. Mjukuu alikuwa akitafuna, mashavu yamevimba kama ya panya buku. Kicheko chake, kile cha kukwaruza kama baiskeli isiyotiwa mafuta, kilikuwa kimetoka kwenye runinga.

"Nani kacheka?"

"Mtoto wa kwenye gemu, mama."

"Mbona kacheka kwa koo la Chiriku?"

"Watoto wote hucheka sawa."

"Wewe ulikuwa ukicheka kama mbuzi anayeburutwa. Usinidanganye."

Gemu lenyewe lilikuwa la pili. La kwanza mwanawe alilicheza na mkewe, Chiriku angali tumboni. Baba na binti yake wanavuka nchi ya majani marefu, ndege wa karatasi wakiruka juu yao, na mwishoni mto unafurika, binti anabaki ng'ambo. Mke na mume wakalia kama waliofiwa. Kisha mke akafa kweli, mtoto hajaota meno, na mwanamume yule hakutoa chozi hata moja. Alizika, akarudi kwenye friji za watu, akafunga mdomo miaka yote hiyo. La pili lilipotoka, alilinunua siku hiyo hiyo. Haikupita nusu saa, mabega yakaanza kumtikisika. Kwenye matanga hakulia, kwenye gemu akalia kama mjane. Bibi alimwacha. Jipu likipasuka, mwache mwenyewe apumue.

Na hapo ndipo kosa lilipofanyika, na bibi akalinyamazia. Gemu liliuliza binti wa ng'ambo aitwe nani. "Tumwite Chiriku," mwanawe akasema, eti kumfurahisha mtoto. Halafu sauti ndogo ikaita, "Baba?" Naye akaitika, kwa mdomo wake mwenyewe, mchana kweupe: "Naam, mwanangu."

Usiyemwona haitikiwi. Hilo hata asiyejua kusoma analijua. Ukisikia wito, unanyamaza mpaka mwenye sauti ajitokeze na miguu yake uione. Lakini mwanawe alisoma umeme, na aliyesoma umeme huona kila kitu kina waya.

Baada ya kicheko, kikohozi cha Chiriku nacho kikahamia kwenye runinga. Kisha wimbo wa kuhesabu vidole. Kisha maneno. Mtoto hakupewa jina la Chiriku bure. Alikuwa akisema hata usingizini, akikuuliza kwa nini sabuni haijioshi, kwa nini kuku hana makwapa. Sasa alikaa kwenye kochi mikono mapajani kama mgeni aliyekuja kuposa, na porojo zote zikatoka kwenye kioo, na baba yake akazisikiliza akifuta machozi, akisema, "Mama, hawa watu wamejua kutengeneza. Utadhani wanamjua mwanangu."

"Ndiyo, wanamjua," bibi akasema.

Miezi mitatu mvua ilikuwa haijanyesha. Alasiri moja, jua likiwa kali mpaka bati linalia, sebule ikajaa harufu ya majani mabichi yaliyolowa, na ndani ya harufu ile bibi akanusa nyingine, ya mafuta ya nazi, yale aliyompaka Chiriku kichwani asubuhi. Akainama, akaweka pua kwenye nywele za mtoto. Hakunusa kitu. Ilikuwa kama kunusa sahani iliyooshwa.

"Zima," akanong'ona.

"Nikizima analia, mama."

"Nani analia?"

Mwanawe akanyoosha mkono, akazima, akachomoa na waya kabisa. Kioo kikawa cheusi, kikamwonyesha bibi kivuli chake na cha kochi, na kutoka ndani ya weusi ule, mbali kwanza, kisha karibu, kisha karibu zaidi, kikaja kilio cha mtoto aliyepotea sokoni, kilio kinachoita na kumeza pumzi na kuita tena, na bibi alipogeuka kumtazama mjukuu wake alimkuta kakaa vile vile, macho makavu, mdomo ukifunguka na kufungika, ukifunguka na kufungika, kwa kufuata kilio kile, bila sauti, kama samaki kwenye ndoo.

"Washa!" bibi mwenyewe akasema. "Washa, we mtoto wa watu, washa!"

Kesho yake alimbeba Chiriku ampeleke kwa shangazi yake, mbali na nyumba ile. Mlangoni mtoto alikuwa mzito wa kawaida. Uani akapungua. Walipofika getini, bibi aliona mikono yake inapanda yenyewe, na mtoto yule wa miaka saba alikuwa mwepesi kama shati lililokaukia kambani, na midomo yake imekuwa ya bluu. Akarudi mbio. Mlangoni uzito ukarejea kidogo, si wote.

Ndipo akaitwa mganga, mtu mzima mwenye viatu vya kung'aa na chetezo ndani ya mfuko wa plastiki. Akafukiza ubani, akamshika mtoto kifundo cha mkono, akatikisa kichwa.

"Ni jini," akasema chinichini. "Halikuvunja mlango. Limeitikiwa. Sasa linakula mtoto huku, linajenga mtoto kule."

"Basi litoe!"

"Taratibu, mama. Mgeni hafukuzwi kabla hujamwona sura. Hebu nikae nilitazame."

Akakaa. Bibi akarudi kwenye meza yake ya pasi, maana nguo za watu hazijui msiba. Akanyoosha shati la kwanza, la pili, la tano. Mganga hakusoma kitu. Chetezo kikazimika. Alipofika shati la nane, bibi akasikia mtu anavuta makamasi.

"Mganga?"

"Subiri kidogo, mama." Sauti yake ilikuwa imelowa. "Mtoto wa mle kiooni yuko katikati ya daraja la mto. Nikilifukuza sasa, si tunamwacha hapo?"

"Umekuja kutibu au kutazama?"

"Mimi nilizika binti," mganga akasema, bila kugeuka. "Hujui. Hebu acha avuke kwanza."

Wanaume wawili, kochi moja, wanalia kwa zamu. Bibi akaona kuwa kazi imebaki kwake. Akaishika pasi ikiwa ya moto, akachomoa waya wake, akazunguka kochi kwa mara ya kwanza tangu gemu lile liingie nyumbani, akiwa na nia ya kuigandamiza kwenye kioo mpaka kiyeyuke.

Hakuna aliyemwambia kuwa mle kiooni, ukikaribia, ni pazuri hivyo. Majani yalilala na kuinuka kama kitambaa cha thamani kinapopuliziwa mvuke, na mwanga ulikuwa ule wa dakika moja baada ya mvua, ila huku haukupita, na ng'ambo ya mto alisimama Chiriku, na kovu lake la kidevuni, na zile nywele bibi alizozisuka asubuhi kwa haraka, njia imepinda upande wa kushoto.

"Bibi," akasema. "Huku kuna baridi."

Bibi akatazama kochini. Aliyekuwa pale alikuwa bado anapumua, kifua kinapanda kidogo, kinashuka kidogo, macho hayamtafuti mtu. Akatazama kioo. Akajua kuwa akikipiga, anampiga huyo wa ng'ambo, na asipokipiga, anampoteza huyu wa kochini, na pasi ikawa nzito mkononi kuliko siku zote.

Akaiweka sakafuni. Akamnyang'anya mwanawe kile kidude cha kuchezea, akakigeuza huku na huku.

"Kitufe cha kumfunika nguo ni kipi?"

"Hakuna, mama. Ni kumfuata tu."

"Mpaka wapi?"

"Sijui. Kila nikikaribia, mto unahama."

Bibi akabonyeza kwenda mbele.