Usiulize Dukani kwa Daktari

Harufu ndiyo iliyotangulia. Duka la dawa lilikuwa la vigae vyeupe, kaunta ya kioo na feni ya darini, mahali pakavu kabisa, na hata hivyo mchana ule lilinuka godoro bichi: godoro lililolowa, likaanikwa kidogo, likarudishwa ndani kabla ya kukauka. Mwenye duka alipiga deki, akarudia. Akamwaga dawa ya sakafu. Harufu ikabaki palepale, nyuma ya rafu ya dawa za kikohozi.

Mwenyewe aliitwa Daktari. Hakuwa daktari. Alisomea kuuza dawa, akapewa cheti cha kuuza dawa, na mtu wa kwanza alipomwita Daktari hakumsahihisha, wala wa pili, mpaka jina likamganda. Watu walimletea maradhi yao kwa kunong'ona. Yeye aliinamisha kichwa kwa ile huruma yake ya mazoezi, akafunga dawa kwenye mfuko wa karatasi usioonyesha kitu, akasema, "Hii inabaki kati yangu na wewe."

Haikubaki. Ilikaa ulimini mpaka mteja avuke mlango, kisha ikaingia kwenye simu. Kulikuwa na jukwaa moja la mtandaoni, la wazi, ambalo yeyote aliweza kulisoma bila hata kujiandikisha, na humo Daktari alijiita Msiri. Msiri alikuwa na mashabiki. Aliwapa mwalimu wa hesabu anayenunua dawa ya chawa na kuapa kwamba ni ya mbwa. Aliwapa fundi viatu wa kona ya posta na bawasiri yake. Kila mwisho wa habari aliweka kicheko, ha ha ha, na watu wasiomjua wakacheka naye. Jina la mtu hakutaja hata siku moja, na kwa hilo alijiona mstaarabu. Kwamba mji mzima una kona ya posta moja, na kona hiyo ina fundi viatu mmoja, hilo halikumpitia kichwani.

Fundi huyo ndiye aliyekuwa wa kwanza kusikia. Alisimama kwenye kaunta mchana uleule wa harufu, akauliza kwa sauti ya chini kama dawa yake imefika. Daktari alikuwa bado hajafungua mdomo sauti ilipojibu kutoka nyuma ya rafu.

"Fundi viatu wa kona ya posta. Anakaa nusu tako kama kuku anayeatamia. Nimemwambia afanye kazi akiwa amesimama, anasema miguu nayo inauma. Mwili mzima umemgomea. Ha. Ha. Ha."

Ilikuwa sauti ya Daktari mwenyewe, ila haikuwa na mtu ndani yake. Kicheko kilisomwa neno moja moja, kama mtoto anavyosoma ubaoni. Kisha ikaendelea, vilevile bila haraka: "Jibu la kwanza: mpelekee mto. Jibu la pili: tupe picha."

Fundi aliitazama rafu, akamtazama Daktari, akatoka polepole na maumivu yake. Na Daktari, badala ya kuona haya, alimkasirikia. Kwa nini aulize mambo yake dukani? Hizo ndizo zilikuwa akili zake. Alichukua ufagio akaenda nyuma ya rafu, akakuta ukuta, vumbi na ile harufu.

Haikumchukua muda kuelewa tabia ya kitu kile. Usipouliza, kilinyamaza. Ukiuliza, hata swali la kipuuzi, kilichagua katika yote aliyowahi kuandika Msiri lile lililokaribiana na swali lako, kikalisoma lote pamoja na majibu ya mashabiki. Mwalimu wa hesabu aliuliza saa ngapi, akasomewa chawa wake. Habari zikaenea, wateja wakapungua, na Daktari akaanza kuogopa. Usidhani aliwaogopea hao. Alimwogopea mdogo wake, mtu pekee duniani aliyempenda kwa kiasi alichoweza.

Mdogo wake alikuwa mwanamke mzima, mwalimu wa chekechea, mchumba wa mtu, na wakwe walikuwa wanakuja nyumbani kumwona rasmi kabla ya harusi. Tangu utotoni alikuwa na tatizo moja: kuna usiku alilala vizuri akaamka amelowa. Vidonge vilipunguza, havikumaliza. Wazazi walipofariki Daktari, dada yake mkubwa, ndiye aliyemlea, dada ndiye aliyemnunulia mpira wa kutandika chini ya shuka, dada ndiye aliyewaambia wageni kwamba godoro limeanikwa kwa sababu ya kunguni. Kisha Msiri akaliandika hilo nalo. Lilikuwa la zamani, na ndilo lililochekesha kuliko yote.

Alilifuta. Akafuta yote, akamfuta na Msiri mwenyewe. Halafu, ili moyo utulie, akaandika kwenye kisanduku cha kutafutia maneno machache tu: mtu mzima kulowesha godoro. Likaja la kwanza. Kurasa ambazo hajawahi kuzikanyaga zilikuwa zimelinakili zamani, zikaliwekea kichwa kikubwa na picha ya godoro. Alikuwa amefagia uwanja wake, na takataka zote ziko kwa majirani.

Alipofika nyumbani, harufu ilikuwa imemtangulia. Mdogo wake alikuwa sebuleni anapiga pasi mapazia ya siku ya wageni, akainua pua, akasema, "Dada, mbona kunanuka..." na Daktari, aliyesikia bafuni sauti yake mwenyewe ikianza kusema Mdogo wangu ni, aliirukia redio akaifungulia mpaka ikakoroma, akalitupa sinia sakafuni, akamshika mdogo wake mabega akamwambia sikioni, huku kule bafuni maneno yakiendelea kutoka moja baada ya jingine chini ya makelele yote hayo, kwamba kuanzia leo ndani ya nyumba hii asiulize kitu, aseme tu, akitaka chumvi aseme chumvi, akitaka kujua saa akatazame ukutani, lakini asiulize, kwa jina la mama yao asiulize. Mdogo wake aliitikia kwa kichwa. Maisha yake yote, penye harufu ile alijua ni yeye. Akaenda chumbani akalipapasa godoro lake, akalikuta kavu, na bado akalibeba akaenda kulianika.

Daktari alimwona dirishani. Kitu kilimchoma, kikapita.

Mtoa majini aliyeitwa na Daktari alikuja siku ambayo mdogo mtu yuko kazini. Alikuwa mwembamba, mchache wa maneno, na begi la vifaa kama fundi bomba. Hakusalimia kuta wala hakutetemeka. Alisimama bafuni akauliza, "Unakula nini?"

"Msiri amewapikia, njooni mle," sauti ya Daktari ikasoma.

Alimtoa mwenye nyumba uani ndipo akazungumza. "Jini huyu hana ubaya wa kwake. Hajui hata kutunga. Umemwagia chakula barabarani muda wote huo, akaja kutafuta mpishi anakaa wapi."

"Nitolee, mzee. Wakwe wanakuja."

"Dawa yake ni rahisi. Mkalishe mdogo wako, mwambie ulichoandika, neno kwa neno, kwa kinywa chako. Akishakisikia kwako, huyu hana tena cha kumtolea. Ataondoka kwa njaa."

"Hakuna njia nyingine?"

"Ipo ya moshi. Moshi utamtoa ukutani. Lakini atatafuta pa kukaa, na atapenda kurudi alikozaliwa."

Daktari aliahidi kusema. Jioni ile alimkuta mdogo wake anaimba jikoni, akajiambia kwamba haifai kumharibia furaha. Unaona alivyo mwepesi wa kujifanyia wema. Mtoa majini aliporudi akauliza, palepale uani, kama ameshasema, alimtazama usoni akajibu ndiyo, wamelia, wamekumbatiana. Akatoa na chozi.

Yule mtu alifungua begi. "Majini niliowatoa hunidanganya kwa adabu kuliko hivyo," alisema, akawasha makaa.

Moshi ulipita kila chumba. Harufu ikaondoka. Mtoa majini aliuliza kuta maswali, kuta zikakaa kimya, akafunga begi akaenda zake bila kuaga. Daktari alikohoa. Tangu saa ile koo lilimwasha, na kila alichokunywa kilikuwa na ladha ya ubichi.

Wakwe walikuja kesho yake, wamependeza. Mama mkwe alikuwa mnene, wa sauti nyororo, na mchumba alikaa kando yake anatabasamu mwenyewe. Mdogo mtu aliuliza nani atapenda chai ya maziwa, akashtuka kwa kuuliza, akamtazama dada yake. Kimya. Dada akatabasamu. Yeye na wageni wakaulizana habari, wakaulizana safari, na Daktari akaanza kuketi kwa raha, akijipongeza moyoni.

"Na wewe, mwanangu," mama mkwe alimgeukia, "ndiye uliyemlea. Hebu tuambie, huyu binti yetu yukoje?"

Sifa zilikuwa tayari. Alikuwa amezipanga tangu asubuhi: ana heshima, ana huruma, mchapakazi. Alifungua mdomo, na sebule nzima ikanuka godoro bichi.

"Mdogo wangu ni mwanamke mzima," alisema, na alijisikia akisema, na ulimi ulikuwa wake na meno yalikuwa yake na hakuna hata kimoja kilichomtii, "ana kazi, ana mchumba, na bado analowesha godoro, mimi ndiye ninayefua, mimi ndiye ninayedanganya wageni, siku ya harusi zawadi yangu kwa bwana harusi itakuwa boya la kuogelea. Ha. Ha. Ha. Jibu la kwanza: mwambie asilale karibu na soketi. Jibu la pili: tupe picha. Jibu la mwisho: mwambie mdogo wako hayuko peke yake, na mimi niko hivyo hivyo, naogopa, ila nina dada anayenificha."

Mdogo wake aliweka kikombe chini.

"Hilo la mwisho niliandika mimi," alisema. "Nilikuwa natafuta dawa, nikakuta habari ya huyo dada. Nilimlilia mdogo mtu usiku kucha. Nikamshukuru Mungu kwamba wewe si kama yule."

Mchumba hakushangaa hata kidogo. Mama mkwe alimshika binti mkono, akasema taratibu kwamba hilo walishaambiwa na mwenyewe, kabla ya pete. Kisha akasimama, na wote wakasimama. Daktari alitaka kusema nisamehe. Alilitafuta neno hilo kwa nguvu zake zote, kinywa kikamsomea, "Ha. Ha. Ha." Mdogo wake aliondoka na mfuko mmoja wa nguo, na godoro akaliacha uani juani.

Duka bado liko wazi. Dawa hanunui mtu, lakini watu hawakosi. Wanasimama mlangoni wameziba pua, watu wazima wenye heshima zao, wanauliza habari za majirani, na Daktari anawajibu kupitia kitambaa alichojifunga mdomoni, ambacho hakimsaidii. Waliomlaani kwa kusema ndio hao hao wanaouliza.

Fundi viatu naye alirudi siku moja. Hakuziba pua. Aliegemea mlango kwa upande usiouma, akauliza kama mtu anavyouliza, "Mdogo wako hajambo?"

Macho ya Daktari yalijaa machozi. Alitamani kujua. Hakuna aliyemwambia alikohamia, wala kama aliolewa, na yeye mwenyewe hakuwa na kipya alichowahi kuandika.

"Mdogo wangu ni mwanamke mzima," kinywa kikaanza, "ana kazi, ana mchumba," na kikaendelea kusoma mpaka jibu la mwisho.